Kiinitete cha Ng'ombe: Sura Haitoshi, Pima Kinavyokula

Mazungumzo kwa wafugaji na wakaazi wa kaunti kuhusu mimba za kupandikizwa na wanyama wa kloni



Mfugaji akienda mnadani kununua mtamba, hatosheki na rangi ya ngozi. Humtazama macho, humkagua kwato, kisha humuuliza mwenyewe: anakula? Anacheua? Kinyesi chake kikoje? Mnyama anayekataa majani ana jambo, hata kama manyoya yake yanang'aa.

Swali hilo hilo ndilo wanasayansi wanalouliza kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya chumvi. Kitu hicho ni kiinitete cha ng'ombe, yaani mimba changa ya siku saba ambayo bado haijawekwa tumboni mwa jike. Je, kinakula? Kinakula nini? Na kinatoa taka gani baada ya kula?

Swali hili lina uzito kwa kiinitete chochote cha kupandikizwa, lakini lina uzito zaidi kwa kiinitete cha kloni. Sababu ni ng'ombe atakayekibeba. Jike akiwekewa kiinitete kibovu, mwenye zizi hapotezi kiinitete peke yake. Hupoteza msimu wa kupandisha, hupoteza maziwa ambayo yangekuja baada ya kuzaa, na mimba ikiharibika ikiwa kubwa anaweza kumpoteza ng'ombe mwenyewe. Kwa hivyo kazi ya kuchagua kiinitete maabarani, ingawa inafanyika mbali na boma, inamgusa mfugaji moja kwa moja.

Kloni ni nini

Wakaazi wengi wameuzoea upandishaji kwa mrija, ambapo mhimilishaji huweka mbegu ya fahali ndani ya jike aliyeingia joto. Njia ya pili, ambayo si ngeni kwa madaktari wa mifugo nchini, ni kupandikiza kiinitete. Hapo kiinitete chenye baba na mama hutolewa kwa jike bora au hutengenezwa maabarani, kisha huwekwa kwa jike mwingine akilee hadi kuzaa.

Kloni ni njia ya tatu. Mnyama wa kloni si mchanganyiko wa baba na mama. Ni nakala ya mnyama mmoja. Watafiti huchukua yai la ng'ombe, mara nyingi kutoka kwenye ovari zilizokusanywa kichinjioni, wakaondoa kiini chake chenye urithi. Kisha huchukua seli moja ya mwili wa ng'ombe anayetakiwa, kwa mfano seli ya ngozi ya sikio, wakaiingiza katika yai hilo. Mkondo mdogo wa umeme huviunganisha viwili hivyo, na dawa huliamsha yai lianze kugawanyika kana kwamba limekutana na mbegu ya dume.

Baada ya takriban siku saba, yai lililofanikiwa huwa blastosisti, yaani kibonge cha seli mia moja hivi chenye uwazi wa maji katikati. Hapo ndipo huwa tayari kuwekwa katika mfuko wa uzazi wa jike mbebaji.

Hesabu ya kondoo Dolly

Mnyama wa kwanza wa jamii ya wanyonyeshao kutolewa nakala kwa seli ya mnyama mzima ni kondoo Dolly. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, karibu na mji wa Edinburgh, Scotland. Seli iliyotumika ilitoka kwenye kiwele cha kondoo wa miaka sita.

Ili Dolly apatikane, mayai 277 yaliunganishwa na seli za kiwele. Kati ya hayo, 29 tu ndiyo yaliyokua hadi hatua ya kupandikizwa. Viinitete hivyo 29 viligawanywa kwa kondoo majike 13. Aliyezaliwa alikuwa mwana-kondoo mmoja.

Watu wengi huitaja namba 277, lakini kwa mfugaji namba ya kuangalia ni 29. Viinitete hivyo 29 vilikuwa vimekwisha kupita mchujo wa maabara. Vilikuwa vimegawanyika na kukua kama ilivyotarajiwa, na vilionekana vinafaa. Hata hivyo 28 havikufika. Majike 12 waliandaliwa, wakawekewa viinitete, na hawakupata mwana wa kloni.

Tangu wakati huo ujuzi umeongezeka na ng'ombe, mbuzi na nguruwe wametolewa nakala katika nchi kadhaa. Lakini hata kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya viinitete vya kloni vinavyopandikizwa bado haifiki kuzaliwa. Mimba nyingi hupotea katika miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi kwa sababu kondo la nyuma halikujengeka vizuri. Nyingine huendelea halafu jike hujaa maji mengi tumboni kupita kiasi, au ndama huwa mkubwa mno na kuzaa kwake kukahitaji upasuaji.

Jicho huona sura tu

Njia ya kawaida ya kuchagua kiinitete ni kukitazama kwa hadubini. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa viinitete, kinachojulikana kwa kifupi kama IETS, kina viwango vinne. Namba 1 ni kiinitete kizuri, chenye umbo la duara na seli zilizoshikana. Namba 2 ni cha wastani. Namba 3 ni dhaifu. Namba 4 kimekufa au kimeoza, na hakipandikizwi.

Njia hii ni ya haraka, ni rahisi, na imesaidia sana katika kupandikiza viinitete vya kawaida. Mtaalamu mzoefu hatumii hata dakika tano kwa kiinitete kimoja. Tatizo ni kwamba jicho huona sura tu. Haliwezi kuona kama seli zilizo ndani zinajua kazi yake.

Kwa kiinitete cha kloni tatizo hilo ni kubwa zaidi. Seli iliyoingizwa ndani ya yai ilikuwa ngozi, au kiwele, kwa miaka. Ilikuwa na mazoea yake: jeni fulani zimewashwa, nyingine zimezimwa. Ili iwe mimba, ni lazima yai liifute mazoea hayo na kuianzisha upya. Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, kiinitete kinaweza kuwa duara safi la namba 1 huku ndani yake bado ni ngozi iliyochanganyikiwa.

Tone la chakula

Hapa ndipo kipimo cha umetaboli kinapoingia. Umetaboli ni kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuwa viungo. Kila kitu kilicho hai hufanya kazi hiyo, na kiinitete pia.

Kipimo chenyewe hakikikati kiinitete wala kukitoboa. Kiinitete kimoja huwekwa katika tone dogo sana la maji ya kukuzia yenye kiasi kinachojulikana cha sukari ya glukosi, piruvati na asidi amino, ambazo ni matofali ya kujengea protini. Pembeni huwekwa tone jingine la aina hiyo hiyo lisilo na kiinitete, liwe la kulinganishia. Baada ya saa kadhaa, kiinitete huondolewa na matone yote mawili hupimwa. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Kilichoongezeka, kama vile asidi ya laktiki, ndicho kilichotolewa.

Njia nyingine ni kupima pumzi. Watafiti nchini Denmark na Japani wametumia vihisi vidogo mno vinavyopima oksijeni iliyo karibu na kiinitete kimoja cha ng'ombe. Oksijeni ikipungua kwa kasi fulani, inajulikana kiinitete kinapumua kwa kiasi gani.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1980, Jean-Paul Renard na wenzake nchini Ufaransa walipima glukosi iliyochukuliwa na viinitete vya ng'ombe vya siku 10 na 11. Viinitete vilivyochukua sukari zaidi ndivyo vilivyoendelea kukua vizuri. Katika umri huo kiinitete cha ng'ombe kinajiandaa kurefuka na kujenga kondo, kwa hivyo kina haki ya kuwa na njaa.

Lakini kula sana si dalili njema katika kila umri. Mwaka 2002, Henry Leese wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alitoa hoja iliyowashangaza wengi. Alisema kiinitete cha siku za mwanzo kilicho na afya ni kile kilichotulia, yaani kile kisichotumia chakula kwa pupa. Sababu yake inaeleweka. Gari lenye injini mbovu hunywa mafuta mengi kwa safari ile ile. Vivyo hivyo, kiinitete kilichoharibika hutumia nguvu nyingi kujirekebisha. Baadaye hoja hiyo ilifafanuliwa zaidi: kuna kiwango cha kati kinachofaa, na kiinitete kinachokula kidogo mno kina shida kama kile kinachokula kupita kiasi.

Kwa hivyo hakuna namba moja inayofaa viinitete vyote. Mpimaji anatakiwa ajue kiinitete kina siku ngapi, kimekuzwa katika maji ya aina gani, na hata kama ni dume au jike, kwa sababu imeonekana kwamba viinitete vya ng'ombe vya kiume na vya kike havitumii chakula sawasawa.

Seli imesahau kuwa ngozi?

Kiinitete cha kawaida cha ng'ombe kina ratiba yake ya kula. Siku za kwanza hutegemea zaidi piruvati na laktati, na hugusa glukosi kidogo tu. Kikifika seli 8 hadi 16, jeni zake chenyewe huanza kufanya kazi. Kuanzia hapo hamu ya glukosi hupanda, na kikiwa blastosisti huitumia kwa wingi.

Seli ya ngozi haina ratiba hiyo. Imezoea glukosi tangu zamani. Je, kiinitete cha kloni hufuata ratiba ya mimba au mazoea ya ngozi? Maabara ya Keith Latham nchini Marekani ililichunguza jambo hili kwa panya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 na 2003. Viinitete vya kloni vilionekana kupendelea maji ya kukuzia yanayofaa seli za mwili, yenye glukosi, kuliko maji yanayofaa viinitete vya kawaida. Kwa maneno mengine, vilikuwa na sura ya mimba lakini vilikula kama seli ya zamani.

Panya si ng'ombe, na hesabu ya mmoja haihamishwi kwa mwingine bila kupimwa upya. Lakini funzo lake ni muhimu. Kuangalia kinachokula kiinitete cha kloni ni njia ya kuuliza kama seli imesahau kazi yake ya zamani. Hadubini haiwezi kujibu swali hilo.

Kuna jambo jingine linalofanya yai liwe muhimu. Vitu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, viitwavyo mitokondria, kwa kloni hutoka karibu vyote kwenye yai na si kwenye seli ya ngozi. Yai lililokaa sana kichinjioni au lililopata joto baya huja na mitambo dhaifu. Kipimo cha oksijeni na cha chakula huonyesha pia kama mitambo hiyo inafanya kazi.

Kipimo hiki hakitoshi peke yake

Ni vizuri wakaazi wafahamu pia mipaka ya kipimo hiki. Hakuna kipimo cha umetaboli ambacho peke yake kinamhakikishia mfugaji ndama. Kinaondoa viinitete vyenye dalili mbaya, na hivyo kupunguza idadi ya majike wanaobeba mimba isiyo na matumaini. Ni chekecheo, si ahadi.

Sababu ya kwanza ni kondo la nyuma. Siku ya saba kondo bado halijajengwa, na tatizo lake haliwezi kuonekana lote katika tone la chakula. Sababu ya pili ni muda. Kiinitete kinapokaa nje kikisubiri majibu kinachoka, na jike mbebaji ana siku chache tu za kukipokea. Sababu ya tatu ni gharama ya mitambo na wataalamu.

Hata kuzaliwa kwa ndama si mwisho wa habari. Yule Renard wa mwaka 1980 alikuja kuongoza kazi ya kloni za ng'ombe nchini Ufaransa. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliripoti katika jarida la The Lancet kuhusu ndama wa kloni aliyeonekana mzima kwa wiki sita. Kisha damu yake na kinga yake vikaporomoka, akafa akiwa na siku 51. Mtu aliyekuwa amepima njaa ya viinitete miaka 19 kabla ndiye aliyeandika kwamba sura njema, hata ya ndama anayetembea, haitoshi.

Hali ilivyo Kenya

Kenya si mgeni katika sayansi hii. Watafiti wa ILRI jijini Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Roslin, walifanikiwa kutoa nakala ya ng'ombe wa Boran wa Kenya. Fahali huyo alipewa jina Tumaini, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2016. Lengo la mbali lilikuwa kufungua njia ya kupata ng'ombe anayestahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kutumia jeni kutoka kwa nyani ambaye mwili wake huviua vimelea vya ugonjwa huo. Tumaini mwenyewe alikuwa hatua ya kwanza ya kuonyesha kwamba Boran anaweza kutolewa nakala.

Wakaazi watofautishe mambo mawili. Kloni ni nakala, na si lazima iwe na jeni ngeni. Mnyama aliyeongezewa jeni ni jambo jingine, na husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia chini ya sheria ya mwaka 2009.

Swali la chakula nalo huulizwa sana. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, ilisema nyama na maziwa ya kloni za ng'ombe, nguruwe na mbuzi ni salama kama ya wanyama wa kawaida. Hoja kubwa ya kloni kwa mfugaji, basi, si sahani. Ni afya ya mnyama anayebeba na anayezaliwa.

Mazungumzo haya si tangazo la mradi wa kugawa kloni. Kwa zizi la kawaida, njia iliyo karibu na yenye gharama nafuu ya kuboresha mifugo ni mbegu bora kwa mrija, kama zile zinazotolewa na kituo cha KAGRC kilichoko Kabete, pamoja na lishe na chanjo. Lakini biashara ya viinitete inakua, na mfugaji atakayeelewa mapema ndiye atakayeuliza vizuri.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Mtu yeyote akimletea mfugaji kiinitete cha kuweka kwa ng'ombe wake, au akimwomba ng'ombe awe mbebaji, aulizwe haya:

Kwanza, kiinitete hiki kimetokana na nini? Kina baba na mama, au ni kloni?

Pili, kina siku ngapi na kimepewa kiwango cha ngapi? Zaidi ya kutazamwa, kimepimwa kwa njia nyingine yoyote?

Tatu, kati ya viinitete vilivyopandikizwa na kampuni au mtaalamu huyo, ndama wangapi walizaliwa hai, na wangapi waliachishwa kunyonya? Asiridhike akijibiwa kwa idadi ya viinitete au ya mimba za mwezi mmoja.

Nne, mimba ikiharibika, au kuzaa kukihitaji upasuaji, nani analipa daktari? Ng'ombe akifa, fidia ni kiasi gani? Majibu haya yaandikwe na kutiwa sahihi.

Tano, mtaalamu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya? Mfugaji ana haki ya kuomba kuona cheti.

Mfugaji mwenye ng'ombe watatu akimtoa mmoja kubeba, ametoa thuluthi ya mali yake. Muuzaji anayeheshimu mali hiyo hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Wenye swali zaidi wamwone afisa wa mifugo wa wadi yao, au wafike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, kabla ya ng'ombe kuwekewa chochote. Ushauri kabla ya kupandikiza ni rahisi kuliko matibabu baadaye.